Mwaka wa Gitaa Bubu

Siku ya arobaini ya Asumani tulikaa wanawake uani na wanaume barazani, kama ilivyo desturi yetu Ujiji, na kati yetu palikuwa na ukuta mfupi usiomzuia mtu kusikia. Dua ilikwisha, wali ukaliwa, na wazee waliobaki wakaanza kuihesabu bendi ya zamani, mtu na chombo chake. Gitaa la solo, marehemu mwenyewe, Mungu amrehemu. Drams, fulani. Tumba, fulani. Besi, Sadi. Kijana mmoja akauliza, "Na yule mwanamke je? Nasikia mlikuwa na mwanamke." Mzee mmoja, ambaye namjua vizuri na simtaji kwa sababu mkewe ni mteja wangu wa kushona magauni, akajibu bila hata kufikiri, "Aa, yule alishika siku moja tu, Sadi alipochelewa ziwani." Siku moja! Nilikuwa na sinia la mabaki mkononi, nikalitua chini kwa kishindo. Jirani yangu akaniminya goti. "Nyamaza, Bi Mwamini, hii ni arobaini ya watu." Nikaliinua sinia langu tena, kwa heshima ya mjane. Lakini nilirudi nyumbani nimekasirika, na asubuhi yake nikatuma ninunuliwe daftari. Nilipiga besi katika bendi ile miaka sita. Hiyo siku moja wanayoisema ilikuwa ya kwanza tu, na mwaka mzima ulioitangulia hawakuuona kwa sababu niliutumia kupiga gitaa lisilotoa sauti. Mwaka huo ndio nitakaouandika hapa. Habari za wapi nilizaliwa na nani alinilea tuziache, hazikunifundisha besi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoanza kazi ya jikoni kwa Mama Vero, pale mtaa wa Mwanga, nyuma ya soko. Mama Vero alikuwa Muha wa Mwandiga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na ukumbi ulikuwa wake, jiko lake, na vyombo vya muziki vyake vyote, kuanzia spika hadi vijiti vya drams. Siku hizi kijana anapanda jukwaani peke yake na flashi mfukoni, watu wanaruka, na mimi sisemi kitu. Wakati ule bendi ilikuwa watu tisa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na gitaa lake. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na bendi, na wanamuziki walikuja na vidole tu. Ukumbi wenyewe ulipakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na chokaa juu yake, dari lina madoa ya mvua, jukwaa la saruji limeinuka hadi magotini. Nyuma ya jukwaa, ukuta kwa ukuta, ndipo palikuwa na jiko langu. Humo nilikaanga samaki wa migebuka, nikasonga ugali wa muhogo, nikapika maharage kwa mawese mpaka kanga zangu zote zikawa na rangi moja. Na humo ndimo besi iliponikamata. Bendi ikipiga, maneno ya waimbaji hayakufika jikoni, wala solo ya Asumani ambayo mji mzima uliisifu. Ukuta uliyazuia yote hayo. Kilichopita ni besi peke yake, nayo ilikuja kwa miguu, kutoka sakafuni, na vifuniko vya masufuria vikatetemeka. Ndani ya miezi mitatu nilizijua nyimbo zote kwa namna hiyo, na sikujua hata moja inasema nini.

Sasa msomaji asiye wa huku inabidi aelewe jambo moja, la sivyo hatanielewa. Mji wetu ulicheza dansi kwa kufuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa za karabai, na mbalamwezi ikitoka samaki hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi hukaa nchi kavu. Wiki mbili za mbalamwezi ukumbi ulijaa wavuvi waliooga wakanukia manukato. Wiki mbili za giza ulikuwa na walimu wanne na karani wa bandari, na Mama Vero hakuona haja ya kuwasha hata spika. Tena nusu ya bendi walikuwa wavuvi wenyewe. Sadi, mpiga besi, alikuwa na mtumbwi wa watu aliofanyia kazi pale Kibirizi, na giza likiingia alikunja waya wa gitaa, akaliegemeza kwenye kona ya jukwaa, akaenda zake ziwani. Kwa hiyo kila mwezi, kwa wiki mbili nzima, lile gitaa lilikaa bila mtu. Nilifagia pembeni yake mara nyingi, huku na huku. Siku moja niliweka ufagio chini.

Kuwasha spika nisingethubutu, kwanza umeme ulikuwa wa Mama Vero, pili mtaa mzima ungesikia. Gitaa la besi bila umeme ni bubu. Unavuta uzi, unatoa sauti ya nzi aliye ndani ya kopo. Nikagundua kwamba nikiinama na kubana kidevu changu kwenye ule ubao, sauti inapanda kwenye taya hadi sikioni. Basi nikapiga hivyo, nimeinama kama mtu anayechungulia kisima, kila asubuhi ya wiki za giza kuanzia saa mbili hadi saa nne, kabla sijaweka maharage jikoni. Nyuzi zilikuwa nene, vidole vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, nikakata vitunguu kwa vidole hivyo hivyo huku nalia, na watu wakidhani ni vitunguu. Shoga yangu mmoja aliniuliza kwa nini nina alama nyekundu kidevuni. Nikamwambia ni chunusi. Nilitaka nini hasa? Nilitaka kupanda pale jukwaani, mchana kweupe, watu wakiniona, nipige besi. Sikutaka kuimba, na kukata kiuno mbele ya drams ndiyo kabisa sikutaka. Nilikitaka kitu hicho kuliko mume, na nilikuwa katika umri wa kutakiwa mume.

Sadi alinifumania katika mwezi wa nne wa mazoezi yangu. Alitoka Kibirizi moja kwa moja na ndoo ya dagaa ya Mama Vero, magamba yakimeta kwenye suruali, akasimama mlangoni sijui kwa muda gani. Nilipoinua kichwa nilitaka kufa. Akatua ndoo. "Nilikuwa najiuliza," akasema, "mimi naliacha nyuzi zimelegea, nikirudi nakuta mtu amezikaza. Nikasema labda ni panya wa kisasa." Nikaanza kuomba radhi, Kaka Sadi nisamehe, Kaka Sadi usimwambie mtu. Akaniambia nipige. Nikapiga. Akanishika kidole gumba akakishusha. "Hiki kipumzike hapa, usikining'inize. Na huo wimbo wa pili hauendi hivyo, unasubiri kidogo. Besi ni kusubiri, dada." Kisha akachukua ndoo yake akaenda jikoni kujipakulia ugali. Toka siku hiyo, kila akitoka ziwani alipita, akanisahihisha jambo moja, akala, akaenda kulala. Hakumwambia mtu. Asiyejua kwa nini nampenda Sadi hadi leo, ndiyo sababu hiyo.

Asumani alikuwa jambo lingine. Yeye alikuwa kiongozi wa bendi, mrefu, mweusi wa kung'aa, shati limepigwa pasi hadi mikono inasimama, na hakuwa mvuvi, alikuwa mwanamuziki tu na alitaka ijulikane hivyo. Wanamuziki walikula chakula cha mchana meza iliyokuwa mbele ya dirisha langu la kupitishia sahani, kwa hiyo niliyasikia yote. Siku moja mpiga tumba alileta habari kwamba huko Bujumbura ameona bendi ambayo mwanamke anapiga gitaa. Wakacheka. Asumani hakucheka, akalamba mawese kidoleni, akasema, "Mwanamke akishika gitaa watu watakuja kumtazama yeye. Muziki utasikilizwa na nani? Katika bendi yangu, mimi nikiwa hai, mwanamke atashika maikrofoni, basi." Nilikuwa nampitishia maji ya kunawa. Nikamwagia kidogo kwenye ule mkono wa shati, kwa bahati mbaya ya makusudi. Leo amekufa, na sitaki mtu aseme nasengenya maiti, kwa hiyo niseme na hili: alikuwa mpigaji wa kweli, na alipokosea alikuwa anakosea waziwazi, mbele ya watu, si kwa kunong'ona. Lakini siku ile nilimwambia moyoni, utaona wewe.

Mama Vero aligundua peke yake, hakuna lililompita. Aliingia asubuhi moja na kibuyu cha mawese, akaniona nimebana kidevu kwenye gitaa lake. "Mwakeye," akanisalimia Kiha, kama mtu aliyenikuta nafagia. Nikasimama wima. "Mama, sikuwasha umeme." Akasema, "Nimeona. Ukiliangusha utalilipa kwa kunipikia miaka kumi." Akaenda zake. Kwake hiyo ilikuwa baraka.

Mwezi mtukufu ulipoingia bendi ilisimama yote, maana wengi walikuwa watu wa Ujiji na wamefunga. Vyombo vikafunikwa shuka. Mama Vero akarudi Mwandiga kuangalia mashamba yake, akaniachia ufunguo. Sitadanganya katika kitabu changu mwenyewe: niliendelea kupiga. Nilijiambia gitaa lisilo na umeme haliharibu saumu ya mtu, ni mbao tu na waya. Kama nilikosea, Mungu ndiye ajuaye, na namwomba azingatie kwamba nilikuwa na njaa na kiu na bado sikukosa asubuhi hata moja. Mwisho wa mwezi ule nilikuwa nazijua nyimbo kumi na nane, zote, na mabadiliko yake.

Dansi kubwa la mwaka lilikuwa la Iddi Pili, saa tisa alasiri. Na Iddi, kama mnavyojua, huingia mwezi ukiwa mwembamba kama kucha, yaani kwenye giza, wakati dagaa wamejaa na wenye mitumbwi hawataki kusikia habari za muziki. Sadi alijua hivyo, akamwendea nahodha wake mapema kuomba ruhusa. Kosa lake, kosa ambalo mtu wa kwetu hakupaswa kulifanya, ni kwamba aliomba kwa majina ya siku. Kila mtu alisema mwezi utaandama Jumapili jioni, Iddi Mosi itakuwa Jumatatu, dansi Jumanne. Akaomba apumzike usiku wa Jumapili na usiku wa Jumatatu. Nahodha akakubali. Jumapili jioni tulitoka wote Ujiji tukaelekea upande wa ziwa, wingu limetanda juu ya milima ya Kongo, hakuna mwezi. Tukafunga tena. Iddi ikawa Jumanne na dansi likawa Jumatano, na usiku wa Jumanne Sadi alikuwa anadaiwa ziwani. Alimsihi nahodha. Nahodha hakuwa Mwislamu, akamjibu, "Uliniomba Jumapili na Jumatatu, nimekupa. Kwani mimi ndiye ninayeuandamisha mwezi?" Sadi akapita jikoni jioni ile, na nguo zake za Iddi ameshazivua. "Nitarudi asubuhi," akasema. "Saa tatu niko hapa." Kisha akanitazama. "Kama sipo, upo."

Alfajiri upepo wa kusini ukachafuka. Kufikia saa sita mchana mitumbwi ilikuwa haijarudi, na habari zikaja kwamba wamejikinga kwenye vijiji vya kaskazini, wote wazima, wanangoja ziwa litulie. Saa tisa ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani: kanzu mpya, mabinti na hina, wanaume kutoka Bangwe na Mwandiga, watoto wakubwa waliokwepa kiingilio mlangoni. Mimi nilikuwa jikoni na sufuria la pilau la watu mia. Asumani alipanga waanze bila besi. Wakaanza. Nilisikia jikoni, au niseme sikusikia. Kwa mara ya kwanza toka nianze kazi pale, bendi inapiga na vifuniko vimetulia. Nikafungua dirisha la sahani nichungulie: watu walicheza kidogo, wakapoa, wakasimama. Sauti ya mtu ikatoka nyuma, "Jamani, huo muziki au maulidi ya kuku?" Wakaangua kicheko. Wimbo ukafia njiani.

Mama Vero alipanda jukwaani. Nilimsikia kupitia lile dirisha, hakuhitaji maikrofoni. "Asumani, Mwamini anapiga besi." Asumani akasema, "Mwamini gani?" "Wa jikoni." Asumani akasema, "Mama, usinitanie mbele za watu." Mama Vero akamkatalia kwa Kiha, "Oya, sikutanii. Vyombo ni vyangu. Ama anapanda yeye, ama nawarudishia watu viingilio vyao na wewe uwaeleze." Sikungoja kuitwa. Nilijifuta mikono, nikakaza kanga kiunoni juu ya gauni la sikukuu, nikapitia mlango wa nyuma nikapanda. Kelele iliyopigwa! Wengine wanapiga vigelegele, wengine miluzi ya dharau. Asumani hakuniangalia. "Unajua nyimbo gani?" "Zote." "Zote zipi?" "Zote mnazopiga, Kiongozi. Na ule mnaoukosea pia naujua."

Wakanichomekea waya. Na hapa ndipo palipo aibu yangu, na naiandika kwa mkono wangu. Mwaka mzima nilikuwa nimevuta nyuzi kwa nguvu zangu zote ili gitaa bubu nilisikie. Sikuwahi hata mara moja kulipiga likiwa na umeme. Nilipopiga noti ya kwanza, kwa nguvu zile zile za asubuhi, spika ilinguruma kana kwamba paa linadondoka. Chupa ikaanguka mezani. Mtoto akalia. Ukumbi mzima ukacheka, na Asumani akafumba macho, na uso wake ukasema "nilijua". Mpiga drams alinong'ona, "Dada, shuka tu, si kitu." Niliogopa, sioni haya kusema. Lakini nikajiambia, Mwamini, hukulia na vitunguu mwaka mzima uje ushuke kwa noti moja. Nikapunguza kitufe cha sauti mimi mwenyewe, nikalegeza bega, nikashusha kidole gumba kikapumzika. Nikagusa uzi badala ya kuuvuta. Ukajibu. Mungu wangu, ulijibu vizuri! Nikagusa tena, nikasubiri, nikagusa. Mpiga drams alikuwa wa kwanza kuingia, kwa kuwa mpiga drams hawezi kuiacha besi ipite peke yake. Kisha tumba. Kisha gitaa la rithimu. Asumani alikaa mizunguko minne mizima na mikono yake juu ya gitaa bila kupiga, watu wakimtazama, halafu akaingia, kwa sababu alikuwa mwanamuziki na hakuna mwanamuziki ambaye angeweza kusimama pale akaacha kuingia.

Wimbo wa tano au wa sita, ukumbi unatoka jasho, vumbi limepanda hadi kwenye taa, nikamwona Sadi mlangoni. Kalowa, magamba mwili mzima, amekimbia toka Kibirizi. Watu wakampisha njia. Asumani alimwashiria kwa kichwa apande, kisha akanisogelea huku anapiga na kuninong'oneza sikioni, "Mpe mwenyewe." Nikasema, "Sitoi." "Mwamini, mpe." "Sitoi, Kiongozi, ninyang'anye." Angeninyang'anya vipi? Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye solo, na solo ndiyo kwanza imepamba moto. Nikageuza mgongo nikaendelea. Nilipotazama tena mlangoni, Sadi alikuwa ananicheka meno yote nje. Akaonyesha jikoni kwa kidole, akapotea. Baadaye nilijua alikwenda kuliepua pilau langu, lililokuwa limeshaanza kuungua chini.

Tulimaliza magharibi, waadhini walipoanza. Watu wakatoka, ukumbi ukabaki na viti vilivyopinduka na maganda ya karanga. Vidole vyangu vilikuwa vinavuja damu, na nilikuwa na furaha kiasi cha kuona kizunguzungu. Asumani alikaa kwenye ukingo wa jukwaa akifuta nyuzi zake kwa kitambaa, taratibu, mmoja mmoja. Sadi na Mama Vero walikuwa wanakula pilau la ukoko mezani, wamenyamaza makusudi ili wasikie. Asumani akasema bila kuinua kichwa, "Umekosea mara tatu."

"Mbili," nikasema.

"Tatu. Ile ya mwanzo huihesabu?"

"Ile si kosa, Kiongozi. Ile ilikuwa hodi."

Sadi akapaliwa na wali. Asumani alikunja kitambaa chake mara nne, akakitia mfukoni, akasimama, na kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama usoni. "Kesho saa nne mazoezi," akasema. "Sisubiri mtu." Akatoka.

Kesho yake saa tatu nilikuwa jukwaani, nimeshachomeka waya.